Hivi kumrushia njiwa mkate na kutupa paka bustanini ni kosa la aina moja?

#1 Mzururaji
Wakuu habari. Bustani ya jiji ninayopitaga kila asubuhi wameweka kibao kipya mlangoni. Kina mistari miwili tu, USILISHE NDEGE na chini yake USIACHE MNYAMA HAPA, faini ileile kwa yote mawili. Nimekitazama nikashindwa kuelewa. Anayekatakata mkate akawarushia njiwa si ana roho nzuri jamani, na anayeleta paka kwenye boksi usiku akamwacha pale ana roho ya ajabu. Hawa wawili wanakaaje kibao kimoja? Au kuna kitu sikioni? Naombeni hoja, matusi pelekeni kwingine.

#2 Kiti_cha_Nyuma
Nimekaa paleee nasubiri watu wa paka wafike.

#3 Mpiga_Fagio
Nimefanya usafi kwenye bustani yenye bwawa miaka 11, ngoja nikujibu #1. Wewe unapita asubuhi unaona mtu mmoja na mkate mmoja. Mi nilikuwa nawaona wote. Mkate unaoliwa ni ule wa dakika kumi za mwanzo, baada ya hapo bata wameshiba wanauangalia tu unavyozama, lakini watu wanaendelea kurusha kwasababu mtoto bado anataka kurusha. Jumatatu asubuhi unakuta uji mweupe umeganda ukingoni, unanuka, na panya wanatembea mchana kweupe maana ratiba wanaijua kuliko sisi. Maji yanakuwa kijani. Alfajiri samaki wako juu wanahema.

Sasa kuhusu boksi. Miaka yote hiyo sijawahi kukuta boksi la paka getini wala kwenye maua. Linaachwa palepale kwenye mabenchi ya walisha ndege. Sungura palepale, bata weupe wa kufugwa palepale. Anayetupa anawaza "hapa hatakosa kula". Anaondoka na usingizi anapata. Kwaiyo kwangu mimi kibao kimoja ni sahihi kabisa, aliyekiandika anaijua kazi.

#4 Mama_Wawili
Mpiga Fagio pole kwa kazi lakini usitubebeshe mizigo ya watu. Mi wanangu walijifunza kuhesabu kwa kuhesabu bata. Hakuna mnyama mwingine mtoto wa mjini anaweza kumkaribia bure bila kulipa kiingilio. Mkikataza na hicho, kesho msilalamike watoto hawajali viumbe, wanashinda kwenye simu.

#5 Kiti_cha_Nyuma
Hesabuni bata bila mkate basi, kwani mkate ndo kalamu?

#6 Mama_Wawili
Bata asiye na mkate anakaa katikati ya bwawa kaka, utahesabu mawimbi.

#7 Jiwe_la_Tatu
Tuwe na data kidogo. London pale Trafalgar Square njiwa walikuwa kivutio, watu wanapigwa picha wamejaa mabegani, na palikuwa na muuza mbegu mwenye leseni kabisa. Ken Livingstone alipokuwa meya mwaka 2000 kitu cha kwanza akapiga marufuku kulisha, wakaleta na mwewe wa kufugwa wawatishe. Leo ukienda unawakuta wachache tu. Venice nao mwaka 2018 wakazuia wauza mahindi uwanja wa Mtakatifu Marko. Kwahiyo marufuku inafanya kazi, mjadala umeisha.

#8 Karani_Mstaafu
Jiwe la Tatu, umeunganisha miaka mingi kwa mkupuo. Livingstone aliingia umeya 2000, mbegu zikasimamishwa kuuzwa 2001, kanuni ya kukataza kulisha ikaja 2003, na upande wa kaskazini wa uwanja uliokuwa chini ya halmashauri nyingine ulibaki wazi mpaka 2007. Ile miaka minne katikati watu walikuwa wanasogea hatua chache tu wanalisha upande wa pili kihalali. Na Venice ni 2008, sio 2018. Mengine uko sawa.

#9 Jiwe_la_Tatu
Shukrani mzee, nimesahihishwa. Ila hoja imesimama.

#10 Manyoya
Imesimama kwa mguu mmoja. Hao njiwa walienda wapi? Njiwa hafi kwa kusoma kibao, anahamia paa la jirani. Alafu mnachosahau ni kwamba huyu njiwa wa mjini hajatoka porini kuja kuombaomba, ni mjukuu wa njiwa wa kufugwa waliotoroka au kuachwa, babu zao ni njiwa wa miamba. Mtu kamfuga karne na karne kwa nyama na kwa kubeba barua, akaja simu akamwacha. Kwahiyo #1 jibu lako lipo hapo, huyo njiwa unayemrushia mkate NI mnyama aliyetelekezwa. Makosa mawili kwenye kibao ni stori moja.

#11 Mzururaji
Manyoya umenimaliza aisee. Hiyo sikuifikiria.

#12 Mpiga_Fagio
Ya kale hiyo, mi nazungumzia boksi la juzi.

#13 Daktari_wa_Kuku
Naongezea upande wa magonjwa maana hamjaugusa. Sehemu moja ya kulishia ni sawa na kikombe kimoja watu mia. Uingereza kuna chiriku wa kijani, kuanzia 2005 wakapigwa na kijidudu cha trikomona kinachokaa kooni, ndege anashindwa kumeza, anatema chakula, mwenzake anakuja anakiokota. Kutoka kama milioni 4.3 wakashuka mpaka kama milioni 2.8 ndani ya miaka michache, na 2021 wakaingizwa orodha nyekundu ya ndege walio hatarini kule. Chanzo cha msongamano ni vilisho vya bustanini ambavyo watu waliweka kwa upendo. Marekani nako 1994 ugonjwa mwingine ukaonekana mara ya kwanza kwa chiriku wengine, macho yanavimba mpaka ndege haoni, na wenyewe unasambaa kwenye vilisho. Bwawa nalo lina balaa lake, joto likipanda na uozo chini ukiwa mwingi bakteria wa botulizimu wanatengeneza sumu, bata analegea shingo anazama.

Na kuna lile bawa la malaika, bata anakuwa na bawa limepinda nje kama mlango uliovunjika bawaba, haruki tena maisha yake yote. Hilo ni mkate moja kwa moja.

#14 Karani_Mstaafu
Hapo mwisho daktari punguza mwendo. Bawa la malaika halijathibitishwa kuwa la mkate moja kwa moja. Wengine wanasema ni wanga mwingi kifaranga anakua haraka kuliko kiungo chake, wengine upungufu wa manganizi na vitamini D na E, wengine wanataja kurithi. Na 2018 huko Uingereza ilibidi profesa Christopher Perrins wa Oxford atoe tamko kwamba hakuna ushahidi mkate unasababisha hiyo kitu kwa bata maji wale wa shingo ndefu, maana baada ya kampeni ya kupinga mkate watu waliacha kulisha kabisa na ndege wakaanza kukonda.

#15 Mama_Wawili
ASANTE MZEE. Nascreenshoti hii naiweka benki.

#16 Daktari_wa_Kuku
Karani nakubali nilikaza sana, niliandika "moja kwa moja" nikateleza. Lakini tamko lile ni la bata maji, msimu wa baridi, majani ya kula yamepungua. Msilichukue mkalipeleka kwa bata mia mbili kwenye kibwawa cha zege. Mkate hauui, unashibisha tu bila kulisha. Tatizo ni wingi na mahali.

#17 Mchoraji_Ramani
Mimi nina swali la kiufundi kwa Mpiga Fagio. Una uhakika ule ukijani ni mkate? Maana mabwawa mengi ya bustani yanapokea mbolea ya nyasi kila mvua ikinyesha, na majani makavu, na mavi ya mbwa ambao hakuna kibao kinachowataja. Fosforasi (ndo chakula cha mwani) ni fosforasi tu, mwani hauulizi imetoka wapi. Kumlaumu bibi mwenye mfuko wa mkate ni rahisi kuliko kumuuliza mkuu wa bustani ameweka mbolea kilo ngapi.

#18 Mpiga_Fagio
Mbolea ilikuwepo sikatai, na mabosi wangu hawakupenda tuitaje. Ila bata walikuwa arobaini nilipoanza kazi, wakafika mia na kitu kabla sijaondoka, na kila mmoja ananya. Hao mia wameletwa na nini kama sio mkate?

#19 Mchoraji_Ramani
Wengine wameletwa na boksi, umesema mwenyewe 😂

#20 Kiti_cha_Nyuma
Uzi umejila mkia.

#21 Karai_la_Bluu
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kobe wa maji, wale wenye alama nyekundu pembeni ya kichwa, anaishi miaka mingapi?

#22 Daktari_wa_Kuku
Ukimtunza vizuri 20 mpaka 30, wengine wanapita hapo. Kwanini?

#23 Karai_la_Bluu
Najua tu.

#24 Nyumba_ya_Paka
Mmenisubiri nimefika. Miaka sita tunahudumia paka wa bustani moja, sisi watu wanne, mpaka sasa tumekamata, tumehasi na kurudisha paka zaidi ya thelathini kwa pesa zetu. Mjue paka unamkamata kwa chakula. Unamlisha saa ileile sehemu ileile wiki mbili mpaka akuamini ndo unaweka mtego. Sasa kibao kikisema usilishe chochote, mlinzi ananifukuza MIMI mwenye mtego na risiti za daktari wa mifugo, wakati aliyetupa alikuja saa nane usiku kwa gari na hakuna aliyemuona. Kulisha kunaonekana mchana, kutupa hakuonekani, kwahiyo faini zote atalipa anayelisha. Hapo #1 ndo nakuunga mkono, kwenye karatasi makosa ni mawili ila anayekamatwa ni mmoja.

Na wale wanaosema "paka atajitegemea, ni mwindaji" niwajibu kabisa. Paka aliyekulia kwenye kochi akitupwa anakaa palepale ulipomuacha. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, anakaa anaangalia njia ulikopita. Tumewakuta hivyo wengi tu. Sungura ndo kabisa, mweupe kwenye nyasi za kijani, hamalizi wiki.

#25 Manyoya
Dada pole na hongera. Ila na ndege wangu mnawasahau, hao paka thelathini mnaowarudisha bustanini wanakula nini usiku? Kuhasi kunazuia watoto, hakuzuii meno.

#26 Nyumba_ya_Paka
Ukiwaondoa wote wanakuja wengine kujaza nafasi.

#27 Manyoya
Wanakuja kwasababu chakula kipo. Tunarudi kwenye sahani yako.

#28 Nyumba_ya_Paka
Wanakuja kwasababu watu wanatupa kaka!! Sahani haizai paka.

#29 Jiwe_la_Tatu
Kabla hamjang'oana macho, nimepekua sheria (safari hii nimehakiki mara mbili, Karani usinipige). Singapore wametenganisha. Kulisha wanyamapori, njiwa nao wamo, ni chini ya Sheria ya Wanyamapori iliyorekebishwa 2020, kosa la kwanza faini mpaka dola 5,000 za kwao. Kutelekeza mnyama uliyemfuga ni sheria nyingine, mpaka dola 10,000 au jela miezi 12 au vyote. Kwahiyo hata wenye mkono mzito wameona ni makosa mawili tofauti. Kibao cha bustani ya #1 kinalinganisha visivyolingana.

#30 Karani_Mstaafu
Safari hii sina la kusahihisha. Naongeza tu kwamba Uingereza walikuwa na sheria ya peke yake ya kutelekeza wanyama tangu 1960, baadaye England na Wales wakaifuta wakaiingiza ndani ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006. Miaka zaidi ya arobaini kabla ya njiwa wa Trafalgar kupata kanuni yao.

#31 Fundi_Vioo
Mi nitawaambia ukweli hakuna sheria itakayofanya kazi mkiacha duka. Mtu ananunua kobe mdogo kama sarafu, anaambiwa "huyu hawi mkubwa", anapewa na kibakuli cha plastiki chenye mnazi wa plastiki. Baada ya miaka kadhaa kobe ni sahani ya chakula, maji yananuka, anang'ata, nyumba ndogo. Anampeleka bwawani usiku. Marekani walizuia kuuza wale wenye gamba chini ya inchi 4 tangu 1975, kisa watoto walikuwa wanawatia mdomoni wanapata salmonela, bakteria wa kuharisha. Umoja wa Ulaya wakazuia kuwaingiza wale wa alama nyekundu 1997, na wakati huo mabwawa ya bustani yashajaa. Wanakaa juu ya magogo yote ya kuotea jua, kobe wa asili wa pale anabaki kwenye maji ya baridi. Na watu wanapita wanapiga picha "angalia kobe wazuri".

Samaki wa dhahabu hivyohivyo. Burnsville huko Minnesota 2021 mji ulibidi uombe watu hadharani waache kuwatupa ziwani, walitoa picha za samaki wakubwa kuliko viatu vyangu, na navaa 45. Wanafukua matope chini, maji yanachafuka, majani ya chini yanakufa. Mchoraji Ramani ongeza hiyo kwenye orodha yako ya ukijani.

#32 Mchoraji_Ramani
Nimeongeza. Orodha sasa: mkate, mbolea, mavi ya bata, mavi ya mbwa, samaki wa dhahabu. Bwawa lenyewe tu ndo halina hatia.

#33 Zamu_ya_Usiku
Naona wote mnaongelea mnyama, niongelee mtu. Mama yangu analisha njiwa. Ana miaka 78, baba alifariki miaka minne iliyopita. Kila siku saa moja asubuhi anavaa vizuri anatoka na mfuko. Ameshaonywa na walinzi mara mbili. Akatoboa mfuko wa koti, anajaza nafaka, anatembea taratibu zinamwagika zenyewe, mlinzi akimuuliza anasema koti bovu. Mi nilicheka nikaacha kucheka. Ukimnyang'anya hilo sijui saa moja asubuhi ataamkia nini. Njiwa wanamjua, akitokea tu kwenye kona wanashuka, mtu mwingine wa rika lake akipita hawashuki.

#34 Mama_Wawili
Mpe mama shikamoo yetu, na koti asilishone.

#35 Manyoya
Kujua sura ni kweli kabisa sio hadithi. Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle watafiti walivaa barakoa wakakamata kunguru, miaka baadae mtu akipita na barakoa ileile kunguru wanampigia kelele, hata wale ambao hawakuwahi kukamatwa.

#36 Kiti_cha_Nyuma
Ndo maana kuna kunguru mmoja ananisema kila nikipita. Sijamkosea lakini labda nafanana na mtu.

#37 Daktari_wa_Kuku
Zamu ya Usiku, kuna njia ambayo haimnyang'anyi mama kitu. Mji wa Basel, Uswisi. Walipiga risasi na kutega njiwa kuanzia 1961 mpaka 1985, kama laki moja wakafa, na idadi ikabaki palepale kama elfu 20 maana chakula kilibaki palepale. Njiwa akishiba anataga mara tano sita kwa mwaka, mayai mawili mawili, unayemuua leo pengo lake limezibwa kesho. 1988 Daniel Haag-Wackernagel wa chuo kikuu cha pale akaja na kitu kingine, wakajenga mabanda ya njiwa, mayai yanaondolewa humo, na wakawaelimisha watu kwanini kulisha kiholela kunawatesa njiwa wenyewe, vifaranga wanabanana, wanaumwa. Ndani ya miaka kama minne wakapungua karibu nusu. Mwenye hamu ya kuwa karibu na njiwa ana banda la kwenda.

#38 Jiwe_la_Tatu
Kwahiyo ilikuwa mayai au ilikuwa elimu?

#39 Daktari_wa_Kuku
Kikubwa ni chakula kupungua. Mayai yalisaidia lakini huwezi kuyafikia yote.

#40 Nyumba_ya_Paka
Ona sasa, Basel walihitaji banda, mtu wa kuokota mayai na miaka minne. Huku tumepewa kibao. Kibao ni bati na rangi.

#41 Mpiga_Fagio
Mi kwangu walipoweka kibao cha kwanza, watu walikaa juu ya kibao wakilisha. Kilikuwa kifupi.

#42 Karai_la_Bluu
Sawa nakiri. Kobe ninae. Nilinunua mwenyewe, mtoto wangu alikuwa analia dukani. Mtoto sasa yuko bweni na kobe yuko bafuni kwenye karai. Leo jioni nilikuwa nimeshamuweka kwenye ndoo na taulo juu, nampeleka bwawani, nikasema ngoja nisome kwanza kama kuna faini. Nikakuta uzi huu. Nilikuwa nawaza kule kuna watu wanarusha mkate atakula. Mpiga Fagio uliposema "hapa hatakosa kula" nilihisi umenichungulia.

#43 Mpiga_Fagio
Sikukuchungulia bana. Nimeyaona mengi tu hayo mataulo.

#44 Fundi_Vioo
Usimpeleke bwawani. Piga simu vituo vya kuokolea wanyama kwanza.

#45 Karai_la_Bluu
Nimepiga viwili. Cha kwanza wamejaa kobe haohao, wana foleni. Cha pili wanapokea mbwa na paka tu.

#46 Nyumba_ya_Paka
Na hapo ndo mtu wa kawaida anaenda bwawani, na sitamlaani sana leo. Nimewalaani miaka sita. Mahali pa kumpeleka hakuna, kibao cha kumkataza kipo.

#47 Manyoya
Mi bado namlaani. Alinunua.

#48 Karai_la_Bluu
Nimenunua ndiyo.

#49 Daktari_wa_Kuku
Foleni iandikishe jina. Wakati unasubiri mpe sehemu kavu ya kupanda, jua au taa yenye miale ya urujuanimno (UV), maji yabadilishe, na nawa mikono kila ukimgusa. Alafu angalia kucha za mbele. Zikiwa ndefu kama sindano ni dume, dume anabaki mdogo mdogo. Zikiwa fupi ni jike, na jike anaweza kufika sentimita 28 au zaidi kidogo.

#50 Mzururaji
Wakuu asanteni, nimejibiwa mara tano na majibu matano tofauti. Leo asubuhi nimepita, kuna mtu amening'iniza mfuko wa mkate kwenye kile kibao.

#51 Zamu_ya_Usiku
Sio mama. Yeye hatumii mkate.

#52 Kiti_cha_Nyuma
Karai, kucha?

#53 Karai_la_Bluu
Fupi.

#54 Fundi_Vioo
Tafuta beseni la kuogea.